Mwanamke Aliyefichwa Chini ya Maua

Shubra, Kairo
24 Februari 1964

Mpendwa Mjomba Raghib,

Assalaam alaykum kutoka nyumbani kwenu, ghorofa ile ile ya tatu, ngazi zile zile zisizo na taa. Hujambo wewe? Shangazi Lula hajambo? Na goti lako linasemaje na baridi ya huko? Mama anaota kila mara kwamba umeteleza kwenye barafu, na kila akiota hutoa sadaka, kwa hiyo maskini wa mtaa wetu wanakuombea uendelee kuteleza.

Sisi tu wazima. Mama kapona mafua, ila kelele hajapona. Idi tuliila vizuri. Ulikosekana wewe tu, na kiti chako bado hatumkalishi mgeni.

Mimi bado niko maktaba. Nimepandishwa kutoka ghala la chini hadi meza ya mbele, sasa nawaona watu badala ya panya.

Barua yako ya Desemba niliisoma mara nne. Umeniuliza jambo moja tu, tena umeliweka mwishoni kabisa, baada ya bei ya makoti, kama mtu anayetaka lipite bila kuonekana: "Ni kweli Rawhiya alikuwa akichora huko ndani? Alichoraje?" Mjomba, umemuuliza mtu sahihi. Nilipokuwa mdogo uliniita Polisi wa Shubra kwa maswali yangu, na umri haujanitibu. Nitakueleza yote. Nakuomba tu usinikasirikie palipo na ukweli unaouma.

Unakumbuka walivyomchukua mama mdogo Rawhiya, Machi ya mwaka hamsini na tisa, mikono imejaa gundi nyeupe ya kupaka turubai. Yale madarasa yake ya usiku kwa wanawake wa viwanda vya nguo, zile karatasi za chama kilichopigwa marufuku, yote yalikwenda naye. Ulilolipoteza wewe kazini kwa ajili yake nalijua, Mama alinisimulia. Sikulaumu kwa kuondoka.

Miezi ya kwanza gerezani hakuwa na rangi wala brashi. Alichora kwa wanja, kwenye karatasi za kufungia sabuni. Wafungwa wenzake, wengi wao wezi na wauza bangi, walimpa wanja wao kwa zamu, naye akawachora nyuso. Mlinzi mmoja akazikamata karatasi zile, akazipeleka kwa naibu mkuu wa gereza. Rawhiya akajua sasa ataadhibiwa. Kumbe mke wa naibu, Madam Kawsar, alikuwa akitafuta kitu cha kutundika ukutani. Mume akamwita Rawhiya ofisini. "Unajua kuchora maua?" Akajibu, "Maua? Najua." Akaletewa turubai, rangi za mafuta na amri: maua tu, mandhari ya mto ikibidi, na watu marufuku.

Basi akachora maua. Miaka mitatu, Mjomba, maua! Mengine yalikwenda kwa maofisa, mengine aliruhusiwa kumpa Mama siku ya kumtembelea. Mama alikuwa akirudi na picha kwapani na machozi mashavuni. "Dada yangu kachanganyikiwa. Mtu anayetaka kugeuza dunia, sasa anachora maua ya nasturi!" Lakini alizitundika zote sebuleni, hata ile iliyopinda. Unajua Mama.

Rawhiya alitoka Julai iliyopita. Alipanda ngazi polepole, akaingia, tukalia, tukakumbatiana, jirani wakapiga vigelegele. Mama akakimbilia jikoni kuweka chai. Rawhiya akazunguka sebule akitazama maua yake ukutani, akayahesabu kwa kidole, kisha akaniambia, "Saniya, una koleo?"

"Koleo? La nini, mama mdogo?"

"Lete tu. Chai itangoja."

Akashusha picha ya kwanza, akang'oa misumari midogo ya pembeni mmoja mmoja, akainua turubai la maua kama mtu anayefunua shuka. Chini yake palikuwa na karatasi ya kufungia jibini, yenye nta. Chini ya karatasi, turubai la pili. Na juu ya hilo turubai la pili alikuwa amekaa mwanamke mnene, miguu peku, anamnyonyesha mtoto na kututazama sisi kana kwamba tumeingia chumbani kwake bila kubisha.

Fremu moja, maturubai mawili. Walinzi walitazama mbele, wakaona maua. Wakageuza nyuma, wakaona kitambaa kitupu. Mama yangu, dada yako Bahiga ambaye hawezi kuficha hata umri wake, alipita getini mara nane akiwa amebeba wafungwa wanane kwapani, na hakujua. Alitoka jikoni na sinia, akawaona wanawake wamejipanga juu ya makochi, sinia likaanguka. Kisha akamkaripia Rawhiya kwa robo saa nzima. "Ungeniambia!" "Ningekuambia, Bahiga, ungetetemeka mpaka lango lenyewe likushuku."

Lakini Rawhiya hakucheka sana. Picha zilikuwa tisa, na ya tisa haipo.

Hapo ndipo maswali yangu yalipoanza, nami nikamsumbua hadi akanisimulia. Ya tisa alikuwa Shafika, mwanamke wa mtaa wa Bulaq, aliyefungwa miaka kumi kwa hashishi ya mumewe. Mume alimwomba achukue kosa kwa sababu mwanamke huhukumiwa kidogo, kisha akaoa mwingine. Shafika alilala kitanda cha jirani na Rawhiya miaka miwili. Ndiye aliyemchongea vijiti vya brashi, ndiye aliyemfundisha kuficha kipande cha sabuni ndani ya mkate. Nyumbani aliacha binti wa miaka mitano, Karima, kwa mama yake. Aliomba kitu kimoja: achorwe, picha impate mtoto, kwa sababu katika maisha yake hakuwahi kupigwa picha hata moja.

Rawhiya akamchora. Akamfunika kwa waridi za manjano ndani ya jagi la bluu, akangoja siku ya Mama kumtembelea. Asubuhi yake Madam Kawsar akapita kukagua, akasimama mbele ya waridi. "Hii naichukua mimi." Akaondoka nayo. Rawhiya angesema nini? Miezi mitano baadaye Shafika akafa kwa kifua. Kwa hiyo uso wake pekee uliosalia duniani ulikuwa ukutani kwa naibu mkuu wa gereza, chini ya waridi.

Mwezi Oktoba bibi mmoja mzee alipanda ngazi zetu akihema, amejitanda shuka jeusi la melaya. Alikuwa Mama Abduh, mama yake Shafika. Mfungwa aliyeachiliwa alimpa habari. Alikataa kukaa, alikataa chai. Akasema, "Nimeambiwa ulimchora mwanangu. Mjukuu wangu ananiuliza mama yake alikuwa na sura gani, na mimi, Mungu anisamehe, ameanza kunitoka. Namkumbuka sauti. Sura imeanza kwenda." Rawhiya akainamisha kichwa. Sijawahi kumwona hivyo, hata siku walipomchukua.

Yeye mwenyewe hawezi kwenda kwa maofisa. Kila Jumamosi anaripoti kituo cha polisi, na pale kona kuna muuza magazeti asiyeuza magazeti. Basi nikasema nitakwenda mimi. Mama akakataa, Rawhiya akakataa, nami nikangoja Idi, maana siku za Idi mlango wa mtu haushangazwi na mgeni. Jumatano iliyopita nikavaa gauni langu la kijivu, nikapanda tramu hadi mtaa wa Misri Mpya, nikabonyeza kengele.

Madam Kawsar alinifungulia mwenyewe. Mfupi, mnene, macho makali, mikono ina unga. Nikampa mkono wa Idi, nikajitambulisha kuwa mpwa wa mchoraji, na kwamba shangazi yangu wa upande wa mama anahofia waridi zile zitapasuka zisipopakwa vanishi, hivyo niichukue picha kwa wiki moja. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi hotuba hiyo mbele ya kioo. Akanisikiliza hadi mwisho, akafuta mikono.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, madam."

"Wewe binti, mimi ni mke wa polisi miaka ishirini na miwili. Uongo naunusa ungali kwenye ngazi. Shangazi wa upande wa mama ndiyo nini? Hata kumwita mama mdogo umesahau kwa woga. Kaa. Sema kweli, na useme polepole, maana bwana amelala."

Kweli kutoka chumba cha ndani palisikika mkoromo, mzito, wa mtu aliyeshiba. Waridi zilikuwa mbele yangu, juu ya redio. Mjomba, sijui nini kilinipata. Nilisema yote. Nilisema jina la Rawhiya, maturubai mawili, mtoto wa Bulaq. Nikajiambia: Saniya, umeshamrudisha mama yako mdogo gerezani kwa mdomo wako.

Madam Kawsar akaugeukia ukuta. Alinyanyuka, akazunguka meza, akatazama waridi kwa karibu, akaziwekea pua kabisa. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, na macho yanang'aa kama ya mtoto: "Yuko humo? Mtu mzima? Miaka yote hii nakula chakula mbele yake?"

"Yumo, madam."

"Sasa unangoja nini? Mimi nina koleo."

Nikajua nimempata mdadisi mwenzangu. Tuliiweka picha juu ya meza ya kulia, kifudifudi. Misumari ilikuwa imeshika kutu. Ikabidi tugonge kidogo kwa mchi wa jikoni. Mkoromo ukakatika.

"Kawsar! Nini hicho kinachogongwa?"

"Napondaponda nyama, Shawkat! Utakula kofta jioni!"

"Kofta?" Sauti ikatulia, ikaridhika. "Weka bizari nyingi." Mkoromo ukarudi. Madam akaninong'oneza, "Sasa nina kazi ya kofta, na nyama sina."

Tukainua waridi. Karatasi ya jibini ilikuwa imeganda pembeni, ikang'oka na kipande cha rangi ya bluu, pale begani. Nikaibandua taratibu, huku nikisoma Fatiha. Na Shafika akatokea. Mwembamba, kichwa kimegeuka upande, kilemba cheupe kimelegea, mdomo wazi kama mtu aliyekatizwa maneno. Picha haina nondo wala kufuli. Nilikuwa nikimtazama yeye hivyo sikumwona Madam Kawsar akikaa chini. Nilisikia kiti tu.

"Huyu ni Shafika," akasema.

"Unamjua?"

"Alikuwa akinifulia. Nyumba yetu ya kule gerezani, walituletea wafungwa wa kufua. Aliwaogesha mapacha wangu. Wanangu walikuwa wakimlilia akirudishwa ndani." Akagusa kilemba cha pichani. "Siku moja hakuja, akaja mwingine. Nikaambiwa amehamishwa."

"Amefariki, madam. Kifua. Novemba, mwaka juzi."

Alikaa akitazama mikono yake yenye unga. "Siku ya mwisho alikuja na homa. Niliiona homa. Nikamwambia amalize kuanika kwanza." Hakulia, Mjomba. Nilidhani atalia. Alirudia tu, "Kuanika kwanza," halafu akanyanyuka kwa nguvu, akachukua misumari. "Turudishe maua. Shawkat haoni watu ila akikosa kitu ukutani anaona."

Tukagongomea waridi peke yake. "Kofta hizo, Kawsar!" ikalia sauti. "Nyama ngumu!" akajibu. Shafika tukamviringa ndani ya kitambaa cha meza. Pale mlangoni akaniuliza binti ana umri gani, nikamwambia kumi sasa. Akarudi ndani, akatoka na kopo la biskuti za kahki za Idi, limejaa, sukari ya unga imemwagika juu ya kifuniko. "Mpe. Usiseme zimetoka wapi." Nikalichukua. Mpaka leo sijajua kama ningelikataa. Njia nzima kwenye tramu nilijiuliza: huyu ni mtu mwema au mtu mbaya? Nimemuuliza Rawhiya. Kaniambia, "Hilo ni swali la maktaba. Umeileta picha au hukuileta?"

Ijumaa Mama Abduh akaja kwetu na mjukuu. Mama alipika mboga ya mulukhiya na sungura, akavunja sahani mbili kwa wasiwasi. Karima ni mrefu, mkimya, nywele zimesukwa zikavutwa hadi macho yakapanda. Hakula. Rawhiya aliiegemeza picha kwenye kiti, akakaa sakafuni karibu nayo, akatungoja.

Mama Abduh alitazama, akatikisa kichwa. "Siye."

Mama yangu akashika mdomo.

"Siye huyu. Mwanangu alikuwa na mashavu. Umemkondesha."

"Alikuwa amekonda, hajja," Rawhiya akajibu. "Ningemnenepesha ningekudanganya."

"Na pua hii umeitoa wapi?"

"Usoni kwake."

Bibi akasogea, akataka kuendelea kugomba, pua ile na kidevu kile, na Rawhiya hakujitetea tena. Karima ndiye aliyekata maneno. Alikuwa amechuchumaa mbele ya picha, uso kwa uso.

"Kwa nini mdomo uko wazi?"

"Kwa sababu hakunyamaza hata kidogo. Nilimwomba anyamaze, nikachoka, nikauchora wazi."

"Alikuwa anasema nini hapo?"

Nilimwona Rawhiya akimtazama mtoto, na nikajua yuko njia panda. Angeweza kusema, alikuwa anataja jina lako. Sote tungeamini. Tungelia, na tungekwenda kula.

"Alikuwa anamtukana mpishi," Rawhiya akasema. "Dengu za siku ile zilikuwa na mawe. Alisema mpishi yule akifa wasihangaike kununua mawe ya kaburi, wachambue tu sufuria yake, watajenga hadi kuba."

Karima akacheka. Kicheko kikubwa, cha ghafla, cha puani, akajiziba mdomo kwa aibu. Na Mama Abduh, aliyekuwa bado ameinua kidole juu ya pua, akakishusha. Akakaa sakafuni, melaya na yote. "Ndiye," akasema. "Ee Mola, ndiye huyo. Mdomo mchafu tangu ananyonya." Akalia hadi kilemba kikamtoka, Mama akalia naye, na Karima akaendelea kuuliza maswali: alikuwa akilala ubavu gani, alikuwa akiimba, alikuwa mrefu kuliko wewe? Rawhiya alijibu yote hadi adhana ya alasiri. Asichokijua alisema hakijui. Kahki zikaliwa zote. Walipoondoka Karima aliibeba picha mwenyewe, akakataa msaada kwenye ngazi.

Sasa Mjomba, nije kwenye lile linalouma. Najua ulimwandikia mwaka wa sitini, ukamsihi atie sahihi ile karatasi ya kukana chama chake, aachiliwe arudi nyumbani. Wengine walitia. Hakukujibu, nawe ukanyamaza hadi leo. Jioni ile ya Ijumaa, tukiosha vyombo, nilimuuliza kwa nini hakutia. Nilidhani atanipa hotuba. Akasema, "Waliniletea karatasi mara tatu. Shafika alikuwa kitanda cha pili, ananitazama. Yeye hakuwa na karatasi ya kutia sahihi." Akasuuza sahani. Kisha akasema, "Raghib alikuwa na haki ya kuogopa. Angalau aliniandikia." Hilo ndilo alilosema, sijaongeza neno. Kama ni ugomvi au ni msamaha, amua wewe uliyekua naye.

Habari nyingine ni chache. Lifti ya jengo la jirani imefika, wanapanda na kushuka kutwa nzima bila safari. Mama anakuomba picha yako ukiwa umevaa koti zito, aamini kwamba unalo.

Msalimie sana Shangazi Lula, na watoto Nadir na Safinaz, waambie wasisahau lugha yao. Binamu Ismat anakusalimu, kaposwa na mtu wa reli. Mama Abduh, ambaye hujamwona, anakuombea dua kwa sababu nimemwambia uko mbali. Mungu akulinde barabarani na kwenye barafu, akufungulie riziki, akuweke hadi tukutane kwenye ngazi hizi za giza.

Nilitaka kuishia hapa. Lakini Rawhiya amepita sasa hivi nyuma yangu, akaiona bahasha na anwani yako. Nilidhani ataondoka. Akasimama, akauliza huko theluji ikiwa kivulini ina rangi gani. Nikamwambia nyeupe, itakuwa rangi gani nyingine? Akaniambia, "Wewe hujui. Mwulize Raghib. Mwambie atazame vizuri asubuhi, aniandikie mimi."

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye kwa maswali yangu yote,
Saniya